Pedali ya waa-waa: kuichagua, kuiweka sawa na kuikanyaga

Nong'ona irabu tano kwa mpangilio huu, bila kutumia sauti ya kooni: u, o, a, e, i. Utasikia pumzi inapanda kama mluzi hafifu unaotoka chini kwenda juu, ingawa hujaimba noti yoyote. Kilichobadilika ni umbo la mdomo tu, na umbo hilo ndilo linaloamua sehemu gani ya sauti isikike kuliko nyingine. Pedali ya waa-waa, ile ambayo kwenye boksi lake imeandikwa wah, inafanya kazi hiyohiyo kwa gitaa. Ndani yake mna kichujio kinachonyanyua sehemu moja nyembamba ya sauti, na mguu wako unaipeleka sehemu hiyo juu na chini. Kisigino kikiwa chini unapata "u". Vidole vikiwa chini unaikaribia "i". Kati ya hapo ndiko waliko "a" na "e", na hao ndio wanaofanya gitaa lisikike linasema.

Ukiielewa hivyo, nusu ya matatizo inaisha kabla hujanunua chochote. Wapiga gitaa wengi huikatia tamaa pedali hii kwa sababu wameichukulia kama efekti ya kuwasha na kuzima, halafu wanatikisa mguu mbele na nyuma kama wanaoendesha cherehani. Hiki ni kitufe cha toni kilichohamishiwa mguuni. Lazima ujue kimekaa wapi muda wote, na lazima mwendo wake uendane na gitaa lako na amplifaya yako. Kwa hiyo unaponunua unachagua mwendo, na ukishafika nyumbani unausogeza mpaka irabu zikae pale mguu wako unapopumzika.

Kilichomo ndani

Sakiti ya asili ni ndogo mno. Mwaka 1966 mhandisi Brad Plunkett wa Thomas Organ Company, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikishughulika na vifaa vya muziki vya chapa ya Vox, alikuwa akifanyia kazi sakiti ya amplifaya inayonyanyua sauti za kati. Sakiti hiyo ikafungwa ndani ya kanyagio la kuongeza na kupunguza sauti la kinanda cha umeme. Toleo la mwanzo lilibeba jina la Clyde McCoy, mpiga tarumbeta, kwa kuwa mlio ule ulifanana na tarumbeta inayozibwa na kuzibuliwa kwa kizibo mdomoni. Hadi leo pedali nyingi zina viungo vilevile: transista 2, koili moja ya milihenri 500, kapasita ya nanofaradi 10, na potenshiometa, yaani kiungo cha kuzungusha kama kile kilicho chini ya kitufe cha sauti, ya kiloomu 100 inayozungushwa na gia ndogo ya plastiki.

Koili na kapasita hiyo zikikutana hutoa kilele, yaani ile sehemu nyembamba inayonyanyuliwa, karibu na Hz 2,250. Hapo ndipo vidole vinapofika mwisho. Ukirudisha kisigino, potenshiometa inaifanya kapasita ionekane kubwa kuliko ilivyo, na kilele kinashuka hadi Hz 400 hivi. Namba hizo hutofautiana kidogo kati ya modeli na modeli, na hata kati ya pedali mbili za modeli moja, kwa kuwa koili hazifanani kabisa.

Mambo matatu ndiyo yanayoipa kila pedali tabia yake. La kwanza ni mipaka ya mwendo, yaani kilele kinaanzia wapi na kinaishia wapi. La pili ni wembamba wa kilele: kikiwa chembamba sauti inang'ata na inasema wazi, kikiwa kipana sauti ni laini na ya duara. La tatu husahaulika, nalo ni jinsi mabadiliko yanavyogawanywa katika hatua ya mguu. Potenshiometa nzuri ya waa-waa haibadiliki kwa usawa toka mwanzo hadi mwisho. Hubadilika polepole kwenye ncha mbili na haraka zaidi katikati, ili kitu kikubwa kitokee pale kifundo cha mguu kinapoweza kukidhibiti. Mtu akibadilisha potenshiometa iliyochakaa akaweka yoyote ya kiloomu 100 aliyoikuta, pedali itafanya kazi, ila "waa" yote itajibana kwenye sentimita moja ya mwisho wa kanyagio. Ukisikia pedali iliyotumika inafanya hivyo, usikimbilie kuilaumu koili. Mara nyingi mtu alishawahi kuifungua.

Uchague ipi

Pedali ya gia na potenshiometa, kama Cry Baby GCB95 ya Dunlop au V847 ya Vox, ndiyo ya kuanzia kwa walio wengi. Vipuri vyake hupatikana, mtu mwenye bisibisi na chuma cha kulehemu anaweza kuitengeneza, na sauti yake ndiyo ambayo masikio ya watu yameizoea. Ubaya wake ni kwamba potenshiometa huchakaa na swichi iko chini ya vidole, kwa hiyo unaiwasha ikiwa kwenye upande mkali kabisa.

Zipo zinazotumia mwanga badala ya gia: taa ndogo, kipima mwanga, na pazia linalopita kati yake mguu unaposogea. Morley wamekuwa wakitengeneza za namna hii kwa muda mrefu. Hazikwaruzi, kwa kuwa hakuna kinachosuguana ndani ya njia ya sauti. Baadhi zina springi na hazina swichi kabisa: ukikanyaga inawaka, ukiondoa mguu inazima. Ni raha kwa anayeingiza waa fupi hapa na pale. Lakini kama unapenda kuliacha kanyagio limesimama nusu njia huku mikono ikiendelea, springi itakunyima hilo, kwa hiyo jiulize kwanza unapiga vipi.

Pedali zenye vitufe pembeni vya kubadili masafa, wembamba wa kilele na nguvu ya kutoka zina faida ya kweli kwa anayetumia magitaa mawili yenye pikapu (vinasa sauti vya nyuzi) tofauti. Kwa mwenye gitaa moja, vitufe hivyo huguswa wiki ya kwanza kisha vinasahauliwa. Pedali ndogo zinaokoa nafasi kwenye bodi, ila kanyagio fupi lina hatua fupi, na hatua fupi ina maana kwamba safari ileile ya Hz 400 hadi 2,000 na zaidi inabanwa kwenye mwendo mdogo wa mguu. Mwenye mguu mkubwa au viatu vizito aijaribu kabla ya kulipa.

Waa-waa ya kujiendesha haina kanyagio. Inafuata nguvu ya piki: piga kwa nguvu ifunguke, piga taratibu ibaki imefumba. Ni kifaa kizuri, lakini ni kifaa kingine, na mtu anayetaka kuzungumza kwa mguu hataridhika nacho. Na kwa gitaa la besi, tafuta iliyotengenezwa kwa besi, yenye njia ya kuchanganya sauti safi na ile iliyochujwa. Ya gitaa la kawaida itakula noti za chini zote, na bendi nzima itahisi sakafu imetoweka kila unapoikanyaga.

Namna ya kuijaribu

Chukua gitaa lako mwenyewe. Weka amplifaya safi, besi, kati na juu zote katikati, bila mwangwi wowote. Kisha fuata hatua hizi.

1. Piga kordi moja na gitaa likiwa limeunganishwa moja kwa moja kwenye amplifaya. Halafu pitisha kwenye pedali ikiwa imezimwa. Sauti ikififia upande wa juu, kama mtu aliyefunika spika na shuka, pedali inanyonya toni ikiwa imezimwa. Za zamani nyingi hufanya hivyo kwa sababu swichi yake haiitoi sakiti yote njiani.
2. Washa, shikilia nyuzi zisilie, ongeza sauti, kisha sogeza kanyagio polepole kutoka mwisho hadi mwisho. Sikiliza mkwaruzo. Ukiwa kidogo, utasafishika. Ukiwa mahali palepale kila mara, potenshiometa imechakaa.
3. Piga uzi wa tano ukiwa wazi, acha ulie, sogeza mguu kwa sekunde nne toka kisigino hadi vidole. Unatafuta irabu: je, zinafuatana bila shimo? Je, "a" iko sehemu ambayo mguu unaifikia bila kujikaza?
4. Rudia na distoshoni, yaani efekti inayokwaruza sauti. Pedali inayopendeza kwenye sauti safi inaweza kutoboa masikio hapa. Upande wa vidole ndio wa kuuchunguza zaidi.
5. Shika kanyagio kwa mkono ulitikise kushoto na kulia. Likicheza sana, ekseli imelegea au imechakaa.
6. Liweke nusu njia, ondoa mguu. Libaki palepale. Likianguka lenyewe, angalau linahitaji kukazwa.
7. Kanyaga swichi mara kumi. Isikubali kwa bahati, wala isikulazimishe usimame juu yake.

Mahali pake kwenye mnyororo

Mpangilio wa kawaida ni gitaa, waa-waa, ovadraivu au distoshoni, kisha efekti za kuzungusha sauti, halafu dilei na mwangwi. Ikiwa mbele ya distoshoni, kilele kinaisukuma distoshoni yenyewe: sehemu iliyonyanyuliwa ndiyo inayokwaruzwa zaidi, na gitaa linasema kwa koo. Ukiiweka nyuma ya distoshoni, inachuja sauti ambayo tayari imejaa kila kitu. Mwendo unakuwa mpana na wa kufagia, karibu na kinanda cha umeme. Hakuna aliyekosea, ila ya pili inaruka kwa nguvu kwenye kilele, kwa hiyo punguza sauti ya distoshoni kidogo ukiihamisha.

Tatizo linalowasumbua wengi zaidi ni fazi, yaani pedali ya mkwaruzo mzito inayoandikwa fuzz. Fazi za muundo wa zamani zenye transista 2, za aina ya Fuzz Face, zinavuta umeme wa ishara kwa nguvu kwenye mlango wa kuingilia. Pedali ya waa-waa haikutengenezwa kubeba mzigo huo. Matokeo yake mwendo unapotea: unakanyaga toka mwisho hadi mwisho na kinachosikika ni kama kitufe cha toni kilicholegea, au panatokea mluzi. Una njia mbili. Weka fazi kwanza na waa-waa baada yake, ambapo fazi pia inapata kuliona gitaa moja kwa moja, jambo ambalo inalipenda. Au weka bafa, yaani sakiti ndogo inayobeba mzigo bila kubadili sauti, kati ya hizo mbili, baada ya waa-waa, na ikiwezekana bafa inayozimika pamoja na waa-waa ili fazi ibaki huru wakati mwingine wote. Fazi za kisasa zenye mlango wa kuingilia usio na mzigo mkubwa hazina shida hii.

Kama waa-waa yako inanyonya toni ikiwa imezimwa na hutaki kubadilisha swichi, bafa mbele yake inasaidia sana. Tyuna yenye bafa inatosha. Kikompresa kikiwa kabla ya waa-waa kinaipa ishara isiyoyumba na mwendo unasikika sawasawa. Kikiwa baada yake kinabonyeza kilele kile ulichokilipia. Dilei kabla ya waa-waa inafanya marudio yote yachujwe pamoja na noti mpya, na irabu hazieleweki tena.

Umeme

Nyingi hutumia volti 9, ncha ya katikati ikiwa hasi. Soma maandishi karibu na tundu kabla ya kuchomeka, kwa kuwa adapta yenye ncha iliyogeuzwa inaweza kuua transista. Sakiti ya asili inakula umeme kidogo sana, karibu miliampia moja au chini ya hapo, kwa hiyo betri moja hudumu muda mrefu ajabu, alimradi unachomoa kebo ya gitaa ukimaliza. Jeki ya kuingilia ndiyo inayowasha betri. Ukiiacha kebo imechomekwa, inaendelea kuliwa hata pedali ikiwa imezimwa.

Ukisikia mngurumo ambao haupo pedali ikiwa imezimwa, angalia kilichopo jirani. Koili ni antena nzuri ya sumaku. Ikikaa kando ya kisanduku cha umeme cha bodi, inaokota mngurumo wa transfoma yake. Isogeze sentimita 20 au igeuze upande, usikilize tena kabla ya kufungua chochote.

Kuliweka kanyagio sawa

Hapa ndipo pedali ya kawaida inapogeuka kuwa yako, na ni kazi ya nusu saa. Chomoa kila kitu. Pindua pedali, fungua skrubu 4 za bamba la chini. Kwenye nyingi, skrubu hizo ndizo zinazoshika miguu ya raba. Utaona upau wenye meno ukishuka kutoka kwenye kanyagio, umeng'ata gia iliyo kwenye kishina cha potenshiometa. Nyuma ya upau pana kipande kinachoubana dhidi ya gia ili meno yasiruke.

Potenshiometa ina mzunguko mrefu kuliko kanyagio linavyotumia. Kwa hiyo unaweza kuchagua sehemu gani ya mzunguko huo itumike. Legeza nati ya potenshiometa au kibano kinachoushika upau, kutegemea muundo, mpaka gia iachane na meno. Izungushe kwa kidole jino moja, kisha rudisha. Ukiizungusha kuelekea upande inakogeukia vidole vinaposhuka, mwendo wote unahamia kwenye sauti kali. Ukiizungusha kinyume chake, unahamia kwenye sauti nene. Jino moja linasikika. Mawili ni mengi. Chomeka kebo ukiwa na bamba bado wazi, sikiliza, ndipo ufunge.

Kuna sharti moja tu usilivunje: kwenye ncha zote mbili, kanyagio ligote kabla potenshiometa haijagota. Ili kujua, lishushe kanyagio hadi mwisho, achanisha gia, jaribu kuizungusha zaidi kwa kidole. Ibaki na nafasi kidogo. Kama imeshagota, uzito wa mwili wako utavunja meno ya gia au kuharibu kizuizi cha ndani ya potenshiometa.

Halafu urefu wa swichi. Swichi imeshikwa na nati mbili, moja juu na moja chini ya bamba lake. Ikiwa juu sana, pedali itajizima katikati ya solo kila unapogusa ncha. Ikiwa chini sana, unaipiga teke na bado haiwaki. Itengeneze hivi: kanyagio likigusa raba ya mbele kwa uzito wa mguu peke yake, swichi isibadilike, ukiongeza uzito wa mwili, ibadilike. Raba hiyo ya mbele nayo inachakaa na kubonyea. Pedali iliyoanza kujizima yenyewe baada ya miaka ya utulivu, mara nyingi inahitaji raba mpya, na swichi haina kosa.

Ugumu wa kanyagio unarekebishwa kwenye ekseli au kwenye kibano kilicho chini ya bamba la mguu. Kaza robo mzunguko kwa mara moja. Wengi wetu tunapenda liwe gumu kiasi cha kubaki lilipoachwa, ila laini kiasi kwamba kifundo hakichoki baada ya wimbo mmoja. Matone ya grisi nyepesi kwenye ekseli yanatosha. Yasifike kwenye potenshiometa.

Kuikanyaga

Simama, uzito wako uwe kwenye mguu mwingine. Mguu wa pedali ukibeba mwili, hauwezi kucheza. Kisigino kiguse kanyagio muda wote na kazi ifanywe na kifundo, si goti. Viatu vyenye soli nyembamba vinahisi hatua vizuri zaidi. Ukifanya mazoezi umekaa, jua kwamba pembe ya mguu inabadilika na irabu zitahama ukisimama, kwa hiyo yale utakayopiga jukwaani yafanyie mazoezi ukiwa wima.

Anza na noti moja. Piga uzi wa nne, freti ya 7, na distoshoni kidogo, uache ulie. Sogeza mguu polepole mno, polepole kuliko unavyodhani inafaa, na useme irabu mdomoni pamoja nayo. Simama kwenye "a". Angalia pembe ya mguu. Rudi "u", kisha jaribu kufika "a" kwa mara moja bila kutafuta. Rudia mpaka mguu uijue njia gizani. Zoezi hili linachosha na ndilo linalofanya kazi kuliko yote.

La pili ni mdundo wa "waka-waka", ule ambao wapiga ridhimu wa Marekani kama Charles "Skip" Pitts na Melvin Ragin waliufanya usikike duniani kote miaka ya 1970. Weka metronomu kwenye 80. Mkono wa kushoto ulalie nyuzi kwa vidole viwili au zaidi, bila kubonyeza, mbali na freti ya 5, 7 na 12, kwa kuwa hapo nyuzi zikiguswa hulia kengele. Mkono wa kulia upige mara 4 ndani ya kila pigo: chini, juu, chini, juu. Sasa mguu: vidole vishuke pamoja na "chini" ya kwanza, kisigino kishuke pamoja na "chini" ya pili. Mguu unakwenda nusu ya kasi ya mkono. Kosa la kila anayeanza ni mguu kuufuata mkono. Mwendo unakuwa wa haraka mno, kilele hakipati muda wa kusafiri, na kinachosikika ni mtikisiko. Ukiweza dakika mbili bila kuyumba, fungua kordi kwenye pigo la pili na la nne tu, kwa urefu wa mpigo mmoja, kisha zima tena.

Kwenye solo, usiuweke mguu kwenye mdundo. Ufuate sentensi. Noti inayoanza maneno ifungue kuelekea vidole, inayomaliza ifumbe. Noti za katikati ziache zipite kanyagio likiwa limetulia. Ukivuta uzi kupandisha noti, panda na mguu pamoja na mvuto, vifike juu kwa wakati mmoja. Hapo ndipo gitaa linapolia kweli. Ukitaka noti ing'ate, anza na mguu ukiwa mbele kidogo ya "a", piga, kisha rudi nyuma inapofifia.

Na kuna kutolisogeza kabisa. Liache kanyagio mahali pamoja, piga solo nzima. Mpiga gitaa wa roki Michael Schenker ameitumia pedali kwa namna hii: inakuwa kinyanyua sauti za kati, na solo inapita kwenye bendi bila kuongeza sauti. Mahali pazuri ni karibu na theluthi moja hadi nusu ya hatua kutoka kisigino. Weka alama ya rangi pembeni ya kanyagio ukishapata pako.

Kuiwasha nako kuna ufundi wake. Kwa kuwa swichi iko chini ya vidole, waa-waa huwaka ikiwa kali. Iwashe wakati wa kimya au nyuzi zikiwa zimezibwa, rudisha mguu, kisha anza. Ukisahau, noti ya kwanza ya solo itakuwa ukelele.

Kwenye amplifaya, usiziue sauti za kati. Kazi yote ya pedali hii iko kati ya Hz 400 na 2,000 na kidogo, na amplifaya iliyofutwa katikati inaacha ncha mbili tu, mngurumo na mluzi. Upande wa vidole ukikuumiza, tumia pikapu ya shingoni au punguza toni ya gitaa hadi 7. Sauti safi ya noti za juu pekee haina mengi ya kuchujwa. Waa-waa inahitaji sauti yenye nyama, ama nyuzi nene, ama kordi, ama mkwaruzo.

Ukitaka kubadilisha sauti yake

Anayejua kulehemu anaweza kufika mbali kwa kubadili kiungo kimoja kimoja. Chuma cha wati 25 hadi 40 kinatosha, na usikae kwenye kiungo zaidi ya sekunde tatu.

Resista ya kiloomu 33 iliyo sambamba na koili ndiyo inayoamua wembamba wa kilele. Weka 47 au 68 sauti iseme zaidi. Kwenye 100 inakuwa kali sana. Resista ya kiloomu 1.5 ukiipandisha hadi 2.2, sauti za kati zinanenepa. Kwenye emita (mmoja wa miguu mitatu) ya transista ya kwanza pana resista ndogo, kwa kawaida omu 390 hadi 510. Ukiipunguza, tuseme 390 kwenda 330, nguvu na besi vinaongezeka. Nenda hatua ndogo, kwani ukizidisha pedali itaanza kulia mluzi. Kapasita ya nanofaradi 10 inahamisha mwendo wote. Ya 15 inaushusha kiasi, ya 22 inaushusha kwa karibu theluthi na kuifanya pedali itumike kwenye besi. Badili moja, sikiliza siku mbili, ndipo uguse nyingine. Ukibadili tatu kwa pamoja hutajua ipi imeharibu.

Inapoharibika

Mkwaruzo unaposogeza mguu: dawa ya kusafishia viungo vya umeme, tone moja ndani ya potenshiometa kupitia upenyo wa juu, kisha sogeza kanyagio mara 30. Usitumie mafuta ya kulainishia bawaba. Yanakamata vumbi na baada ya mwezi hali ni mbaya zaidi. Mkwaruzo ukirudi haraka, nunua potenshiometa mpya iliyotengenezwa mahsusi kwa waa-waa, pamoja na gia yake.

Mlio unapiga "pop" unapoiwasha: resista ya megaomu 1 kati ya mlango wa kuingilia na ardhi ya sakiti huumaliza mara nyingi.

Mluzi baada ya kubadilisha swichi: nyaya za kuingilia na kutokea zinakaribiana kwenye swichi na sauti inajirudia yenyewe. Zitenganishe, zifupishe, au ya kuingilia iwe ya aina yenye kinga.

Inawaka lakini mguu haubadilishi chochote: fungua uangalie gia kwanza. Mara nyingi skrubu inayoibana kwenye kishina imelegea, gia inazunguka na kishina kimesimama. Kama kishina kinazunguka sawasawa, angalia nyaya tatu za potenshiometa. Zinapinda kidogo kila pedali inapofunguliwa na kufungwa, na ule wa katikati ukikatika ndani ya ganda lake, kwa macho utauona mzima. Uvute taratibu kwa koleo, ganda la uliokatika litanyumbuka.